Kabla ya Injini, Tafuta Breki

Ndugu msomaji, umewahi kubeba gunia la mahindi kutoka shambani hadi nyumbani? Basi kazi hiyo unaijua. Hapa Hirbadaw tunabeba mavuno kichwani, kwa punda na kwa mkokoteni wa ng'ombe. Siku hizi guta nalo linabeba. Guta ni pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu. Lakini guta jipya ni ghali. Kwa hiyo vijana wengine wanataka kuunda guta lao kwa pikipiki kuukuu na vyuma chakavu.

Jambo hilo ni jema, na linawezekana. Lakini wengi huanza kwa kuuliza, "Nitapata wapi injini?" Wewe anza kwa kuuliza, "Litasimamaje?"

Tufanye hesabu. Pikipiki ya kawaida hubeba watu wawili, yaani kilo 150 hivi. Sasa pakia magunia matatu ya mahindi. Kila gunia lina kilo 100. Hizo ni kilo 300. Ongeza dereva. Ongeza na uzito wa guta lenyewe. Je, breki ya pikipiki itazuia mzigo huo mteremkoni? Haitaweza.

Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Ukifunga breki kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa ukasimama kwa mita 5, kwenye mwendo wa kilomita 40 utahitaji mita 20.

Basi fuata hatua hizi:

1. Tafuta ekseli nzima ya nyuma ya guta lililochakaa. Iwe na breki kwenye magurudumu yote mawili. Iwe na difu pia. Kwenye kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Difu huyawezesha kuzunguka kwa mwendo tofauti.

2. Fungua breki uzitazame. Viatu vya breki vikiwa vimelika, nunua vipya. Vitu vingine vinaweza kuwa chakavu, lakini si hivi.

3. Mpe fundi hodari achomelee fremu. Usitumie chuma kilicholiwa na kutu. Bodi iwe chini. Mzigo ukikaa juu sana, guta hupinduka kwenye kona.

4. Sasa funga injini. Injini nyingi za pikipiki hupozwa na upepo. Ikivuta mzigo mzito polepole, hupata moto sana. Simama uipumzishe.

5. Lijaribu kwanza likiwa tupu, mahali tambarare. Kisha pakia gunia moja, halafu mawili. Kila mara funga breki, uone linasimama wapi. Usipakie watu.

Kabla ya kuingia barabarani, lipeleke guta likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha lisajiliwe. Ukihitaji ushauri wa ufundi, waulize SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, nacho kinashughulikia zana za vijijini.

Ndugu msomaji, mahindi yakichelewa leo, yatafika kesho. Lakini baba wa watoto akifa mteremkoni, harudi. Anza na breki.