Udongo na mwarobaini: tiba ya ngozi ya mifugo na mipaka yake

Mbuzi mwenye upele hujulikana kwa mbali. Hujisugua kwenye nguzo za zizi hadi manyoya yananyonyoka, ngozi yake hukakamaa na kupasuka, naye hukosa utulivu wa kula. Asipotibiwa hukonda, maziwa hupungua, na mara nyingi huambukiza zizi zima.

Kwa familia inayotegemea mbuzi wachache kulipia karo ya watoto, hasara hiyo si ndogo. Pale ambapo dawa ya dukani ni ghali au duka lenyewe liko mbali, wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hutumia kilicho karibu nao, yaani majani ya mwarobaini, utomvu wa mshubiri na udongo wa mfinyanzi.

Je, vitu hivi hutibu kweli, au ni imani tu iliyorithiwa? Sayansi inaonyesha kuwa vingi vina nguvu ya kweli, lakini kila kimoja kina kazi yake na mpaka wake. Mfugaji asiyeujua mpaka huo anaweza kumpoteza mnyama huku dawa ikiwa mkononi.

Wanyama walitangulia

Kabla ya binadamu kuugeuza udongo kuwa dawa, wanyama wenyewe walikuwa wakiutumia. Nguruwe ana tezi chache mno za jasho, kwa hiyo hugaagaa matopeni ili kupoza mwili. Maji yaliyomo ndani ya tope hukauka polepole kuliko maji matupu, na hivyo ubaridi hudumu zaidi.

Tembo naye hana tezi za jasho wala za mafuta katika ngozi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza kuwa mipasuko midogo iliyosambaa katika ngozi ya tembo wa Afrika huwezesha ngozi hiyo kushika maji mara 5 hadi 10 zaidi ya ngozi iliyo laini. Tope hujaa katika mipasuko hiyo, likampoza mnyama na kumkinga na jua kali na wadudu.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya udongo. Hupoza, hufunika na hukinga. Udongo wa mfinyanzi una chembechembe ndogo sana zilizopangika kama kurasa za kitabu, ambazo hufyonza maji na mafuta. Ndiyo maana ukipakwa mahali palipoumwa na wadudu, au kwenye ngozi yenye unyevunyevu, huondoa majimaji na kutuliza muwasho.

Si kila udongo ni dawa

Je, udongo unaweza kuua vijidudu? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka taarifa kwamba udongo wa kijani kutoka Ufaransa ulitumiwa huko Côte d'Ivoire kutibu watu wenye kidonda cha Buruli, maradhi yanayoila ngozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, nchini Marekani, wakaupima udongo huo katika maabara.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa na funzo kubwa. Aina mbili za udongo zilizofanana sana zilitenda kinyume kabisa: moja iliua bakteria wa aina nyingi, na nyingine iliwasaidia baadhi yao kustawi. Kwa hiyo mtu hawezi kuutambua udongo wenye dawa kwa kuutazama wala kwa kuushika.

Hatari nyingine imo ndani ya udongo wenyewe. Vijidudu vya pepopunda huishi ardhini, hasa palipo na samadi, katika umbo gumu linalohimili ukavu na joto kwa miaka mingi. Udongo uliochimbwa karibu na zizi ukishindiliwa katika kidonda kirefu, vijidudu hivyo hupata makao yasiyo na hewa, ambayo ndiyo yanayowafaa. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi.

Kanuni inayofuata hapo ni nyepesi kukumbuka: udongo ni wa ngozi iliyofunga, si wa kidonda kilicho wazi. Kidonda huoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo, kisha hulindwa na nzi wasitage mayai humo.

Mwarobaini na jamaa zake

Mwarobaini uliletwa Afrika Mashariki kutoka Bara Hindi, na jina lake la Kiswahili limetokana na imani kuwa hutibu maradhi arobaini. Mwaka 1968 wanasayansi nchini Uingereza walifaulu kuitenga azadiraktini, kemikali inayowafanya wadudu waache kula na kuvuruga ukuaji wao. Kemikali hiyo hupatikana kwa wingi zaidi katika mbegu kuliko katika majani.

Utafiti wa awali uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 1992 ulihusu watu 814 wenye upele, waliopakwa mchanganyiko wa mwarobaini na manjano uliopondwa pamoja. Taarifa yake ilisema asilimia 97 walipona katika muda wa siku 3 hadi 15. Upele wa binadamu na wa mbuzi huletwa na kijidudu cha jamii moja, kinachochimba vijia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo.

Hata hivyo, mnyama ana manyoya na magamba mazito yanayoizuia dawa isifike kwenye ngozi. Kwa sababu hiyo manyoya ya mahali palipoathirika hukatwa, magamba hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ndipo dawa ipakwe. Na kwa kuwa mayai huendelea kuanguliwa baada ya kupaka mara ya kwanza, tiba hurudiwa kila wiki kwa majuma kadhaa. Wengi hushindwa kwa kuacha mara tu muwasho unapopungua.

Mshubiri una sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa. Ute mweupe ulio katikati ya jani hutuliza ngozi iliyoungua au kuchubuka. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ni mchungu, na mnyama akiulamba kwa wingi huharisha.

Katika Bara Arabu, wafugaji wa ngamia wametumia katrani kwa karne nyingi kutibu upele. Ni lami nyeusi inayopatikana kwa kuchoma miti yenye mafuta mengi. Nchini Kenya, mwongozo wa tiba za asili za mifugo uliochapishwa mwaka 1996 ulikusanya maarifa ya aina hiyo kutoka kwa wafugaji wa jamii mbalimbali, ili yasipotee pamoja na wazee walioyahifadhi.

Cha asili si salama daima

Utupa, mmea ambao baadhi ya wakulima huutumia dhidi ya kupe, ndio uleule unaotumika kulewesha samaki. Maji yake yakimwagwa mtoni huua viumbe wengi. Maziwa ya mnyaa huunguza ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kusababisha upofu wa muda.

Waafrika Mashariki wanaoishi Ulaya na Marekani, ambao wengine hufuga paka na mbwa nyumbani, nao wana la kuzingatia. Mafuta ya mti wa chai, yanayouzwa kama dawa ya asili ya ngozi, yanaweza kumdhuru mbwa, na kwa paka ni hatari zaidi. Ini la paka haliwezi kuvunja kemikali nyingi za mimea, na kila kinachopakwa juu ya manyoya yake hukilamba.

Mpaka ulipo

Yapo maradhi ya ngozi ambayo udongo na majani hayayawezi kabisa. Ugonjwa wa mapele wa ng'ombe, ulioonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1929 katika nchi ambayo leo ni Zambia, huletwa na virusi. Umeenea Afrika na Mashariki ya Kati, kisha ukafika Ulaya na Asia. Kinga yake ni chanjo, na ng'ombe mwenye vivimbe vigumu na homa anapaswa kutengwa na afisa mifugo kuarifiwa.

Kupe nao hawaishii kwenye ngozi. Kupe wa masikio ya ng'ombe hueneza ndigana kali, ambayo humwua ng'ombe asiye na kinga katika muda wa wiki chache. Mwarobaini unaweza kupunguza idadi ya kupe, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya josho wala chanjo.

Mfugaji anayetaka kutumia tiba ya asili hana budi kwanza kujua anachokitibu. Aijaribu dawa kwenye sehemu ndogo ya ngozi kwa siku nzima, amtenge mnyama mgonjwa, na anawe mikono, kwa kuwa upele na choa vya mifugo huweza kumwambukiza binadamu. Mnyama akipata homa, akiacha kula, au kidonda kikitoa harufu mbaya, dawa ya nyumbani imefika mwisho wake. Hapo daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo, kabla tiba nyingine haijajaribiwa.