Kivu ya Kusini: soja bila mbolea ya duka, kila udongo na masharti yake

Mbegu ni moja, lakini mavuno hayafanani. Katika jimbo la Kivu ya Kusini, soja inayopandwa kwenye bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi, haikui sawa na ile ya milimani Walungu. Kwa mkulima asiye na uwezo wa kununua mbolea ya duka, kuelewa tofauti hiyo ni jambo linalogusa sahani ya jamaa yake.

Soja ina karibu asilimia 40 ya protini na asilimia 20 ya mafuta. Katika vijiji ambako bugali wa muhogo ndio chakula cha kila siku, na ambako bwaki ingali inashika watoto, unga wake ukichanganywa na wa mahindi hutoa uji wenye kujenga mwili. Lakini ni lazima punje zikaangwe au zichemshwe vizuri kwanza, kwani soja mbichi huzuia tumbo kusaga protini.

Siri ya zao hili iko mizizini. Humo hukaa bakteria wanaochukua azoti ya hewani na kuulisha mmea. Mkulima anaweza kuwapima mwenyewe: wakati wa maua, achimbe mche mmoja kwa uangalifu, kisha apasue vinundu vya mizizi. Vikiwa na rangi nyekundu ndani, kazi inaendelea. Vikiwa vyeupe au kijani, mmea haupati msaada.

Pale ambapo soja haijawahi kulimwa, bakteria hao huwa haba. Ndiyo maana mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na kufika Kivu ya Kusini, ulihimiza kupaka mbegu inokulumu, yaani bakteria hai, kabla ya kupanda. Si dawa ya sumu, na kilimo hai hakiikatai. Ila jua huwaua: mbegu hupakwa kivulini na kufukiwa siku hiyohiyo.

Bakteria peke yao hawatoshi. Huko Walungu, mashamba mengi yako juu ya mita 1.500, na udongo wake umechoka na una asidi. Hapo wakulima hutumia samadi iliyooza, majani ya alizeti mwitu na jivu la jikoni. Jivu hupunguza asidi, lakini la jiko moja halitoshi shamba kubwa. Penye chokaa, chokaa ni bora. Baridi nayo huchelewesha kukomaa, kwa hiyo anayepanda mwishoni mwa msimu huhatarisha mavuno. Upande wa Kabare, kwenye udongo wa volkano ulio mchanga zaidi, kazi huwa nyepesi kidogo.

Bondeni Ruzizi, joto hukomaza soja haraka, lakini mvua ikikatika wakati wa maua, maganda hubaki matupu. Huko aina za muda mfupi, kupanda mvua inapoanza kutulia na kufunika udongo kwa nyasi kavu ndivyo vinavyookoa shamba. Penye unyevu mwingi, kutu ya majani ni adui, na kubananisha miche huipa nafasi.

Wakati wa kuvuna, wataalamu wanashauri kukata shina na kuacha mizizi ardhini, kisha msimu unaofuata kupanda mahindi au muhogo. Majani na maganda pia yarudi shambani, kwa kuwa punje zinazouzwa huondoka na sehemu kubwa ya azoti.

Linabaki suala la mbegu. Soja hupoteza uhai upesi ghalani, hasa penye joto na unyevu. Kabla ya kulima, inatosha kuotesha punje 100 kwenye kitambaa chenye maji. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzima. Zikiota nusu tu, afadhali kutafuta nyingine kabla mvua haijaanza, kwa sababu msimu uliopotea haurudishwi na samadi.