Je, Wajua? Taulo Inayokausha Gari Bila Kuchuna Rangi

Michirizi mingi unayoiona kwenye boneti jua likiwaka haikutoka barabarani. Imetoka kwenye ndoo na kitambaa, tena siku gari lilipokuwa linasafishwa. Haya ni ya kujua kabla hujanunua taulo nyingine.

Je, wajua kwamba kinachokwaruza rangi mara nyingi si taulo yenyewe? Ni punje ya mchanga iliyonaswa chini yake. Mchanga mwingi una madini ya kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile ambacho almasi inashika 10. Poliesta na nailoni, zinazotengeneza taulo za maikrofaiba, haziukaribii ugumu huo.

Klia, ile vanishi ya mwisho isiyo na rangi, kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50. Mikroni 50 ni sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kila fundi anapopiga mashine kuondoa mikwaruzo anapunguza unene huo, na ukipungua ndiyo basi.

Je, wajua kwa nini mikwaruzo hiyo huonekana kama miduara inayolizunguka jua? Kwa kweli imelala pande zote, ila jicho linaona ile tu inayokingama na mwanga. Simama kando ya gari jeusi, sogea hatua mbili: duara nalo linasogea.

Na taulo yenyewe? Uzi wake huitwa maikrofaiba ukiwa chini ya denia 1. Denia ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa hiyo gramu moja tu ya uzi wa denia 0.1 ikinyooshwa inafika kilomita 90. Inatoka Dar es Salaam, inafika Bagamoyo, na mwingine unabaki.

Mwanasayansi Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray, Japani, alitumia nyuzi nyembamba za namna hii mwaka 1970 kutengeneza Ultrasuede, kitambaa kinachofanana na ngozi laini. Alcantara, inayofunika viti na usukani wa magari ya bei mbaya, ni ya ukoo huohuo.

Je, wajua kwamba taulo hizi zimetengenezwa kwa kitu kisichopenda maji? Katika hali ya kawaida ya hewa, pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, nailoni asilimia 4, poliesta haifiki hata asilimia 1. Maji hayaingii ndani ya uzi; yanavutwa na kushikwa katikati ya nyuzi. Kiwandani poliesta na nailoni huyeyushwa na kukamuliwa pamoja kuwa uzi mmoja, kisha uzi hupasuliwa kwa urefu kama chungwa linavyoachana vipande. Hapo hupatikana kona nyingi na nafasi nyembamba mno, na kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyonyonya maji kwa nguvu. Uzi usiopasuliwa hauna nafasi hizo, hata kama lebo inasema maikrofaiba.

Lebo ikiandikwa 80/20 au 70/30, namba ya kwanza ni poliesta na ya pili ni nailoni. Nailoni ikizidi, bei nayo hupanda.

Je, wajua kwamba kiganja chako kinaweza kupima taulo dukani? Pitisha taulo kavu taratibu kwenye kiganja kikavu. Iliyopasuliwa nyuzi hukwama kwenye vinyufa vidogo vya ngozi, hasa mkono ukiwa na sugu. Inayoteleza moja kwa moja itie shaka.

Ukifika nyumbani, mwaga maji kidogo mezani na uyasukume kwa taulo. Nzuri huyafuta, mbovu huyakimbiza hadi ukingoni. Ila ifue kwanza: taulo mpya inaweza kuwa na mabaki ya dawa za kiwandani yanayoizuia kunyonya.

Mizani ya jikoni nayo humuumbua muuzaji. Uzito wa taulo hutajwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Taulo ya sentimita 40 kwa 40 yenye gramu 400 kwa mita ya mraba lazima iwe na uzito wa gramu 64. Ukiipima ukakuta gramu 40, umeuziwa ya 250.

Je, wajua kwamba nzito siyo nzuri kwa kila kazi? Kwa vioo chukua nyepesi ya gramu 200 hadi 300, yenye nyuzi fupi. Nzito huacha ukungu na manyoya. Kufuta nta na polishi, 300 hadi 400 inatosha. Kukausha bodi ndiko kunakotaka kuanzia 500, na zile zenye vitanzi vilivyosokotwa hupita hata 1,000.

Zile zenye vishimo vya mraba hukausha vizuri, hukamulika haraka na huacha manyoya machache. Hata kwa vioo zinafaa.

Ngozi ya kukaushia gari ilipewa jina la mnyama wa milima ya Ulaya, lakini siku hizi nyingi ni ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Hunyonya maji sana. Tatizo ni kwamba uso wake ni bapa, hivyo punje ya mchanga haina pa kujificha na hubaki ikisuguana na rangi. Nyuzi ndefu za taulo huimeza punje hiyo na kuiweka mbali na klia.

Fulana kuukuu ya mtumba? Iangalie kwanza. Pindo na mishono yake ni migumu kuliko kitambaa chenyewe, na kama imechanganywa poliesta ya kawaida, inasambaza maji badala ya kuyanyonya.

Je, wajua kwamba lebo iliyoshonwa pembeni ya taulo ni adui? Ni ngumu, na ncha zake ni kali. Ikate au ichomoe kabla taulo haijagusa bodi. Pindo nalo likiwa la uzi mgumu, likunjie ndani.

Taulo ikikunjwa mara mbili hutoa nyuso 8 safi. Uso mmoja ukichafuka geuza, usiendelee kusugua nao. Ikianguka chini, hata kwenye sakafu inayong'aa, iweke kando hadi ifuliwe.

Kabla ya kukausha, toa kichwa cha mpira wa maji na uache maji yatiririke polepole kuanzia juu ya paa. Yatashuka kwa pamoja na kuondoka na matone mengi, na taulo itabaki na kazi ndogo. Kisha itandaze na uivute, usikandamize.

Je, wajua kwamba madoa meupe baada ya kuosha si sabuni peke yake? Maji magumu, yakiwemo ya visima vingi, yana kalsiamu na magnesiamu. Tone likikauka juani, maji huondoka na madini hubaki. Ndiyo maana gari huoshwa kivulini, na hukaushwa kabla jua halijafanya kazi hiyo.

Dawa ya kulainisha nguo huacha utando mwembamba juu ya nyuzi. Nguo hunukia, taulo hukataa maji. Fua kwa sabuni ya maji isiyo na jiki, suuza sana.

Poliesta huyeyuka karibu nyuzijoto 260, lakini huanza kulegea kati ya 70 na 80. Kwa hiyo usichemshe wala usipige pasi. Anika kivulini, maana jua la muda mrefu hudhoofisha nailoni, na mbali na barabara ya vumbi. Usifue pamoja na pamba: manyoya yake hunaswa na hutokea tena kwenye kioo.

Je, wajua kwamba maji ya kufulia nayo yana athari? Ripoti ya mwaka 2017 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilikadiria kwamba asilimia 35 ya plastiki ndogo zinazoingia baharini zikiwa tayari chembe hutokana na ufuaji wa vitambaa vya sintetiki. Taulo chache nzuri, zinazofuliwa zinapochafuka tu, ni nafuu kwa mfuko na kwa bahari.

Mwisho, zipe taulo rangi na vyeo: bluu ya bodi, njano ya ndani, nyeusi ya rimu. Iliyochoka hushuka kutoka bodi kwenda dashibodi, kisha rimu, kisha injini. Kupanda haipandi: unga wa breki una chembe za chuma zinazojikita kwenye nyuzi, na kufua hakuzitoi zote. Ikishagusa rimu mara moja, isirudi kwenye boneti.