Jina lilitoka barabarani, likabaki kwa koa wa bahari

Mvua ya masika ikishaanza kunyesha huku Kawangware, koa hujitokeza. Asubuhi utawakuta wamejibandika kwenye majani ya sukumawiki nyuma ya nyumba, nao watoto mbio kuleta chumvi. Jumapili moja binti wa jirani aliinama akawatazama kwa makini, kisha akaniuliza: "Guka, hawa si konokono? Nyumba zao wameziacha wapi?"

Nilicheka. Lakini swali lake lilinikumbusha bwana mmoja ambaye barabara yake tunaikanyaga kila tuendapo mjini, bila ya kumjua.

Shuka matatu mjini, fuata Kenyatta Avenue mpaka ufike Wabera Street, ile ipitayo kando ya maktaba ya McMillan. Enzi za mkoloni barabara hiyo iliitwa Eliot Street, kwa heshima ya Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Uingereza katika nchi hii kuanzia mwaka 1900 hadi 1904. Baada ya uhuru jina hilo lilitupwa. Ikapewa jina la Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo aliyeuawa Juni 1963, miezi michache tu kabla ya bendera yetu kupandishwa.

Wanahistoria humkumbuka Eliot kwa mambo ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1902 ilipitishwa akiwa madarakani, na mwaka 1903 Lord Delamere akapewa ekari 100,000 huko Njoro. Mwaka uliofuata Eliot alijiuzulu kwa hasira. Alikuwa amezozana na wakubwa wake wa London kuhusu nani wapewe mashamba katika Bonde la Ufa, mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakilisha ng'ombe wao. Katika ugomvi wote huo, Wamaasai wenyewe hawakuulizwa lolote.

Sasa sikiza ajabu. Bwana huyo, akiisha kutia sahihi nyaraka za serikali, alikuwa akifungua chupa za spiriti na kutoa ndani yake koa wa bahari! Usidhani nasema jongoo wa pwani, yule anayekaushwa na kuuzwa kwa Wachina. Koa wa bahari ni ndugu wa konokono, asiye na gamba, na wengi wao wana rangi za kupendeza kuliko leso ya Mombasa. Matamvua yale yaliyochanua mgongoni ndiyo anayovutia pumzi.

Wengi wa koa hao walikusanywa na mtaalamu kijana, Cyril Crossland, aliyekuwa akizunguka pwani ya Unguja na ya Kenya miaka ya 1901 na 1902. Shida ni kwamba koa akitiwa ndani ya spiriti rangi humtoka, akabaki kama kipande cha ngozi iliyochemshwa. Kwa hiyo Eliot alitegemea maelezo ambayo Crossland aliyaandika alipowaona wakiwa hai. Yeye mwenyewe aliwapasua, akahesabu vijino vya ulimi kimoja kimoja chini ya darubini. Maana kwa koa rangi hudanganya, jino halidanganyi sana. Alichapisha taarifa zake mjini London kwa sehemu kadha, kuanzia 1902 mpaka 1905.

Mmojawapo ni yule aliyempa jina mwaka 1904: Halgerda wasinensis, maana yake Halgerda wa Wasini, kile kisiwa kilichoko mbele ya Shimoni. Jamaa ya Halgerda wana mwili mgumu kidogo na mgongo wa matuta matuta, na chakula chao ni sponji. Huyu wa Wasini ameonekana pia Tanzania, Msumbiji na hadi Afrika Kusini. Hata hivyo, mipaka ya wanyama hawa haiaminiki sana mpaka wachunguzwe upya. Mwaka 1999 Shireen Fahey na Terrence Gosliner walieleza aina mpya za Halgerda kutoka upande huu wa Bahari ya Hindi, na mmoja wakamwita toliara, kwa jina la mji wa Madagaska.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya City Hall na wataalamu wa wanyama. Diwani anaweza kubadilisha jina la barabara akitaka. Mtaalamu hawezi. Jina la kwanza lililotolewa kwa kufuata kanuni ndilo linalodumu, hata kama aliyelitoa hapendwi. Linaloweza kuhama ni jina la ukoo lililotangulia. Mfano, Eliot alimwita koa mwingine Chromodoris cavae. Mwaka 2012, baada ya vinasaba kupimwa, kundi la Chromodoris liligawanywa na koa huyo akahamishiwa Goniobranchus. Tangu hapo jina la Eliot huandikwa katika mabano, ishara kwamba mtoto amehamia nyumba nyingine. La yule wa Wasini halina mabano, hajahama.

Mimi hujiuliza mtu aliyekuwa na subira ya kuhesabu meno ya koa aliikosaje subira ya kumsikiliza mchungaji. Jibu sina. Baadaye alikuwa balozi wa Uingereza nchini Japani, akafa melini mwaka 1931 akirudi kwao. Mwaka huo huo maktaba ya McMillan ilifunguliwa, kandokando ya barabara iliyokuwa na jina lake. Ya Delamere Avenue, iliyokutana nayo, unayajua.

Yule binti hakupoteza swali lake. Nilimweleza kwamba koa wengi wa bahari, watokapo katika yai, huwa na kigamba kidogo sana, wakaelea nacho majini wakichukuliwa na mkondo. Wakipata mahali pa kutua hukivua na kukiacha hapo hapo. Wale wa sukumawiki ni wa nchi kavu, na gamba lao lilipungua kizazi baada ya kizazi. Wengine wamebaki na kipande chake chini ya ngozi. Akachukua kijiti kwenda kumgusa mmoja mgongoni. Chumvi akaiacha juu ya ukuta.