Mpiga video anayeanza, tazama kwanza mfuko wako

Tuliorejea Burundi kutoka Tanzania, baadhi yetu tunatafuta riziki kwa kamera, leo harusi Makamba, kesho Kigoma. Kushika kamera hujifunzwa upesi; kuhariri ndiko kunakotaka subira.

Wengi hukimbilia Adobe Premiere Pro. Ni nzuri, lakini hulipiwa kila mwezi, na malipo yakikatika huwezi kuendelea na kazi. Kwa mtu mwenye harusi tatu mwezi huu na mwezi ujao hana hata moja, huo ni mzigo. Nakala za wizi nazo huweza kuleta virusi vikafuta kazi ya mteja, na harusi hairudiwi.

Mimi nilichagua Shotcut. Ni ya bure, haiweki nembo juu ya video, na ukishaipakua unahariri bila intaneti. Mwenye kompyuta yenye nguvu, kumbukumbu ya GB 16 na kadi nzuri ya picha, ajaribu DaVinci Resolve. Nayo ina toleo la bure.

Anza na mambo manne: kukata, kupanga, kusawazisha sauti na kutoa video iliyokamilika. Fanyia mazoezi sherehe ya jirani kabla ya kupokea arubuni ya mtu. Na picha za asili zihifadhi mahali pawili hadi mteja achukue kazi yake.