Picha za Viumbe wa Msitu wa Pugu: Namna ya Kuzipiga Zifae Bila Kudhuru

Wakazi wa kata zinazopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi ni majirani wa msitu wa aina ya pekee. Msitu huo uko juu ya vilima vya kusini-magharibi mwa Dar es Salaam, mahali ambapo nyumba za pembezoni mwa jiji hukutana na wilaya ya Kisarawe. Ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo mingi ya mimea na wanyama wake haipatikani penginepo duniani. Katika vilima hivyo ndimo unamoanzia mto Msimbazi, ambao mafuriko yake huwafikia wakazi wa Jangwani. Kwa miaka mingi msitu huo umepunguzwa na ukataji wa kuni, uchomaji wa mkaa na upanuzi wa makazi.

Siku hizi wengi wanaotembelea msitu huo hubeba simu zenye kamera. Picha zao nyingi hutazamwa siku moja na kusahauliwa, ilhali baadhi yake zingeweza kusaidia kuulinda msitu. Nyingine, kwa kutojua, huwaletea madhara viumbe wale wale waliopendeza machoni. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo.

Thamani ya picha ya mkazi

Askari na maafisa wa misitu hawawezi kuwa kila mahali kila siku. Mkazi anayepita njia ile ile mara kwa mara huona mambo ambayo mgeni hayaoni. Picha yake huwa ushahidi inapokuwa na mambo matatu: kiumbe au mahali panapoonekana wazi, tarehe sahihi, na mahali ilipopigwa. Likikosekana moja, picha hubaki kuwa pambo tu.

Mfano mwepesi ni kunguru. Kunguru wa asili wa nchi hii ana kifua cheupe. Kunguru wa India, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na baadaye kuenea bara, ana shingo ya kijivu na hana weupe wowote. Huyu wa pili hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mtu akisema tu kwamba ameona kunguru msituni, habari hiyo haitoshi. Picha inayoonyesha rangi ya shingo na kifua hulimaliza swali.

Njia nyingine ni kupiga picha ya mahali pamoja kwa muda mrefu. Mtu husimama penye alama isiyohama, kama jiwe kubwa au kona ya njia, akaelekeza simu upande ule ule kila mwezi. Picha moja ya ukingo wa msitu haielezi mengi, bali picha 12 za mwaka mzima huonyesha kama miti imerudi au imetoweka.

Namna ya kupata picha inayotambulika

Kamera ya gharama si lazima. Kioo cha kamera ya simu kifutwe kwanza kwa kitambaa safi. Chini ya miti mikubwa mwanga ni hafifu, hivyo simu ishikwe kwa mikono miwili au iegemezwe kwenye shina ili picha isitikisike. Saa nzuri kwa ndege ni kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 3:00, jua lingali la upole na ndege wakiwa katika kutafuta chakula. Kuvuta picha karibu kwa kioo cha simu hupunguza ubora wake. Afadhali kupiga ilivyo na kuikata baadaye.

Kwa mmea, picha moja haitoshi. Zahitajika picha za jani upande wa juu na wa chini, namna majani yanavyopangika kwenye kijiti, gome, na ua au tunda kama lipo. Kwa ndege, picha ya ubavuni inayoonyesha mdomo na miguu hufaa kuliko ya mbele. Kwa mdudu au uyoga, sarafu ikiwekwa kando yake huonyesha ukubwa halisi.

Komba wana kanuni yao. Komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa takriban gramu 60 na mkia wenye manyoya kama brashi ya chupa, ni miongoni mwa wakazi adimu wa msitu huu. Komba wadogo hufanana mno kwa sura, na wataalamu huwatofautisha zaidi kwa sauti. Mkazi anayeishi ukingoni mwa msitu akisikia mlio wa komba usiku, kuurekodi kwa simu akiwa nyumbani kwake, bila taa, kuna faida kuliko picha ya giza.

Mambo ya kuepukwa

Matawi yanayokificha kiota yasikatwe wala kusogezwa. Kiota kikiwekwa wazi, mayai huungua kwa jua na kunguru huyaona mara moja. Ndege anayelia kwa hofu au anayekataa kurudi kiotani anaonyesha kwamba mpiga picha yu karibu mno. Aondoke bila kukawia.

Mwanga mkali wa kamera usielekezwe kwa wanyama wa usiku, kwani macho yao yameumbwa kwa ajili ya giza. Sauti za ndege zilizorekodiwa zisipigwe mfululizo ili kuwavuta, maana ndege hudhani adui ameingia eneo lake na kuacha kulisha makinda. Majani yaliyorundikwa ardhini yasifukuliwe, kwa kuwa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hujenga humo malazi yake. Mapango yaliyobaki katika machimbo ya zamani ya kaolini ya Pugu ni makazi ya popo. Popo wasishikwe, na mapango yasiingiwe bila mwongozaji. Nyoka asifuatwe wala kuchokozwa kwa ajili ya picha.

Mahali panapostahili kufichwa

Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Habari hiyo ni ya thamani kwa mtafiti, na vilevile kwa mtu anayetafuta vinyonga au ndege wa kuuza. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, lakini tamaa ya biashara hiyo haikufa siku ile. Kwa hiyo picha ya kiumbe adimu au ya kiota isitumwe katika makundi ya simu ikiwa na jina la mahali hasa. Itoshe kutaja msitu.

Programu ya iNaturalist, inayotumiwa na wapenzi wa viumbe duniani kote, hufanya hivyo yenyewe kwa aina nyingi zilizo hatarini: badala ya mahali halisi, umma huonyeshwa eneo lenye upana wa takriban kilomita 22. Katika programu hiyo watumiaji wengine husaidia kutambua kiumbe, na utambuzi huimarika kadiri wanavyokubaliana.

Watu, vibali na usalama

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Anayetaka kuingia apitie langoni, apate kibali na kulipa ada iliyowekwa. Anayepiga picha za biashara, kama za harusi au filamu, aulize mapema taratibu zake. Droni hairuhusiwi kurushwa bila kibali cha mamlaka husika, ikiwemo Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Watu waombwe ridhaa kabla ya kupigwa picha, na kwa watoto ridhaa itoke kwa wazazi. Taarifa binafsi zinalindwa na sheria ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni miongoni mwazo.

Mkazi akikuta tanuri la mkaa au miti iliyokatwa karibuni, asiwakabili wahusika wala kuwapiga picha kwa siri akiwa peke yake. Aondoke kwa usalama, akumbuke mahali na saa, kisha atoe taarifa.

Picha ipelekwe wapi

Picha za uharibifu, pamoja na tarehe na mahali, zipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, mtaa au kata, kwa Afisa Misitu wa Wilaya, au kwa ofisi ya hifadhi. Zitumwe kwa mhusika mwenyewe, zisisambazwe kwanza mitandaoni, kwa kuwa anayetafutwa huweza kuonywa kabla ya kufikiwa. Picha halisi itunzwe bila kupambwa wala kubadilishwa rangi.

Shule zilizo karibu na msitu zaweza kuanza na jambo dogo: mahali pamoja, picha moja kila mwezi, na daftari la tarehe. Miaka michache baadaye, patakapozuka ubishi kuhusu mpaka wa msitu ulivyokuwa, daftari hilo na picha zake vitakuwepo vya kutazamwa.