Kesi ya unajisi haimalizwi na wazee

Septemba 2018, mwili wa mwanafunzi mjamzito wa Chuo Kikuu cha Rongo ulipatikana katika msitu wa Kodera, Kaunti ya Homa Bay. Bw Okoth Obado, aliyekuwa gavana wa Migori wakati huo, alishtakiwa kwa mauaji pamoja na watu wengine wawili. Wote walikana. Mashahidi walianza kusikizwa mwaka wa 2021.

Hiyo ni kesi iliyofuatiliwa na taifa zima. Zipo nyingine zisizofika kortini kamwe: msichana amenajisiwa, wazazi wakaketi na wazee na jamaa za mshukiwa, ng'ombe au fedha zikatolewa, yakaisha.

Kisheria, kikao cha aina hiyo hakina nguvu yoyote. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kilimpa Mwanasheria Mkuu pekee uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi. Chini ya Katiba ya 2010, mamlaka ya mashtaka yalihamia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hawezi kuondoa kesi bila idhini ya korti. Mzazi anayedai "ameondoa kesi" ameondoa ushahidi wake tu.

Na hapo ndipo penye hasara, kwani shahidi asipofika, hakimu hana la kusikiza. Ndiyo maana siku za kwanza zina uzito mkubwa. Mtoto apelekwe hospitalini kabla ya kuogeshwa, ndani ya saa 72, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na sampuli zichukuliwe. Nguo zake zisifuliwe. Polisi hutoa fomu ya P3, daktari akaijaza.

Hata vipimo vikikosekana, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi huruhusu mshtakiwa kuhukumiwa kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kumwamini. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hufungwa miaka isiyopungua 20.

Kauli ya wazee husikika pia katika ukeketaji. Miongoni mwa Wakuria wa Migori, baraza la inchama ndilo hutangaza msimu wa tohara, na baadhi ya familia huwavusha mabinti hadi Tanzania. Sheria ya 2011 iliziba mwanya huo: anayemvusha msichana akakeketwe ng'ambo hushtakiwa Kenya, kwa kifungo kisichopungua miaka mitatu, faini isiyopungua Sh200,000, au vyote viwili. Jirani anayejua akanyamaza naye ametenda kosa.